Kumbukumbu za Mkutano wa Mwisho

Tulianza saa sita, si saa nne kama barua ilivyosema,
kwa kuwa wa Kihumuro walingoja wa Nyakagera wateremke
na wa Nyakagera wakangoja wa Kihumuro wapande.
Tukakutana katikati ya kilima, shambani kwa Betubiza,
tukakanyaga viazi vyake, naye akatudai papo hapo.

Mimi Kyomuhendo, katibu wa juu, naandika.

Waliofika: thelathini na mmoja wetu, themanini wao,
na machela mbili zimelazwa kwenye nyasi ubavu kwa ubavu
kama wagonjwa wenyewe.
Yetu ya matete, imesukwa upya mara tatu.
Yao ina turubai na mipini ya mkaratusi.
Sisi tuna mteremko, wao wana mabega.
Vijana wetu wako Kampala wanaendesha pikipiki;
mwezi wa Machi tulimbeba Kenyangi na uchungu wake
watu watatu tu, pembe ya nne akashika mumewe,
huku analia, huku anahesabu hatua.

Hoja ya kwanza: jina.
Nyakagera hawataki jina lao life. Kihumuro vilevile.
Saa nzima.
Ndyamuhaki akasema tuyaunge yote mawili.
Tukajaribu kuyatamka kwa pumzi moja, ulimi ukajikwaa,
watoto ukingoni wakaangua kicheko.
Hoja ikaahirishwa.

Hoja ya pili: muhuri.
Wao wana wa mviringo, sisi wa pembe nne.
Mwenyekiti akaamua: piga yote, mmoja juu ya mwingine.
Nikapiga. Likatoka doa la zambarau
lisilosomeka Nyakagera wala Kihumuro.
(Naongeza pembezoni: karani wa benki mjini Kabale
aliuliza ni mtoto gani aliyemwaga wino.)

Hoja ya tatu haikuwamo kwenye orodha.
Bekunda alisimama, mjane,
akasema: kabla vitabu viwili havijawa kimoja
fungueni cha chini, ukurasa wa kumi na tisa.
Mhasibu wao akakohoa. Akafungua. Akasoma:
*Rutaro. Hakufika kubeba. Faini shilingi elfu tano. Hajalipa.*

Akasema: siku hiyo hakufika kwa sababu yeye ndiye aliyelala.
Tulikuwa tumehamia juu mwezi uleule.
Niliwaendea wa chini usiku, wakaniambia, sasa huyo ni wa juu.
Nikapanda kwa wa juu, wakaniambia, hajalipa kiingilio.
Kati ya hapo na pale kukapambazuka.

Hakupaza sauti.
Upepo tu, na mtu mmoja akirekebisha kofia yake
ambayo haikuwa na kasoro.

Lazima niandike na hili, maana kumbukumbu ni kumbukumbu:
kile kitabu cha juu ninacho mimi.
*Hajalipa kiingilio* ni mwandiko wangu.
Naijua hiyo j, navuta mkia wake mrefu
nikiwa na haraka ya kwenda kulala.

Bekunda akafungua fundo la leso,
akatandika noti ya elfu tano juu ya meza.
Andikeni amelipa, akasema,
asiingie kwenye kitabu kipya na deni la kutobeba.
Mhasibu akaitazama kama kaa la moto.
Upepo ukaiinua pembe moja,
Betubiza akaokota kiazi kilichopasuka kwa miguu yetu
akakiweka juu yake.
Hakutaja tena fidia yake.

Mkutano ulifungwa saa kumi bila sala,
kwa kuwa kila upande uliheshimu mchungaji wa mwenzake
na wachungaji wote wawili walikuwa wanatazama chini.

Nimenunua kitabu kipya, kurasa mia mbili, jalada la kijani.
Mahali pa jina pako wazi.
Mstari wa kwanza, polepole, kwa taa, nimeandika:
Rutaro, wa juu na wa chini.
Kiingilio: kimelipwa na katibu.
Faini: hakuna.
Noti imerudishwa kwa mwenyewe, ina udongo kidogo.