Milango Kwenye Wavu

Jumamosi ile gazeti lilikuwa kwenye meza ya kinyozi,
limelowa chai pembeni,
na ukurasa wa sita Waziri amepanda ngazi, mkasi mkononi,
anakata wavu uliotandazwa chini ya watu wanaoanguka.
"Haya si matundu," anawaambia. "Ni milango."

Nilicheka mpaka Gethin akauondoa wembe shingoni mwangu.
"Tulia, Haydn, shingo hii ndiyo mali uliyobaki nayo."

Kisha nikajiona.
Mtu wa tatu kutoka kushoto, anaanguka kichwa chini:
pua yangu, kipara changu, koti langu la kiwanda cha chuma,
lenye nembo tuliyoambiwa tuirudishe na hatukuirudisha.
Na viatu: soli imeachama kama chura,
kidole gumba kinachungulia dunia.

Kicheko kikanikwama.

Nimechomelea vyuma miaka ishirini na sita hapa Port Talbot.
Tanuri lilipozimwa, nikazimwa nalo.
Ofisi ya ajira nilichelewa dakika tisa
(basi lilisimama kupisha kondoo)
wakanikata posho wiki nne.
Dakika tisa, wiki nne: piga hesabu mwenyewe.
Mimi nilipiga, nikala mkate mkavu.
Hayo yote kweli, mchoro haukusingizia.
Ila viatu.
Viatu navipiga rangi kila Jumapili usiku.
Mama alikuwa akisema njaa hulala ndani,
kiatu ndicho kinachotoka nje kukusema.

Nikamwandikia mchoraji.
"Bi Prosser, mcheke Waziri, Mungu akuzidishie wino.
Lakini umaskini wangu usiutoboe
zaidi ya ulivyotoboka."

Wiki mbili kimya. Ya tatu, tarishi akaleta mrija wa karatasi ngumu,
na ndani mchoro wenyewe, si nakala,
viatu vimefutwa kwa rangi nyeupe, vimechorwa upya,
kamba zimefungwa mafundo mawili mawili,
vinang'aa hata uso wa Waziri unaonekana kwenye ncha,
miguu juu.
Na kikaratasi: "Samahani. Niliiona shida, sikukuona wewe."

Sheria yasema zawadi yoyote itajwe.
Mimi si mwizi. Nikaitaja.

Binti wa dirishani, kifuani kaandikwa Lowri,
akaikunjua taratibu kama anayefungua jeraha.
Kompyuta ilitaka tarakimu.
"Ina thamani gani, Bwana Pugh? Ikizidi kiwango, tunakata."

Kukatwa kwa sababu ya picha ya kukatwa!
Hilo hata Bi Prosser hajalichora.

Lowri akautazama mkasi. Akaitazama milango.
Akainama, nikadhani ameangusha kalamu,
kumbe mabega yanamcheza.
Alipoinuka macho yalikuwa maji,
ila uso wa serikali ulisharudi mahali pake.
Akaandika huku akisoma kwa sauti, msimamizi asikie:
"Karatasi iliyotumika. Haina thamani."

Miezi kumi na minne neno hilo limenijia
kwa barua, kwa simu, kwa sauti ya mashine.
Siku ile ndiyo mara ya kwanza nililijibu
asante.

Nje mvua.
Nikakumbatia mrija wangu ndani ya koti,
nikazunguka kila dimbwi.