Bomba la Joto

Saa nane usiku. Duluth imezikwa na theluji hadi vizingitini.
Studio yetu iko juu ya duka la mikate lililofilisika,
kutani tumetundika mazulia ya mitumba yameze mwangwi,
na mimi, fundi mitambo, ambaye mshahara wangu ni kahawa na asante,
nasukuma kidude cha sauti, na Vieno Lahti anaanza:
"Wasikilizaji, usiku wa leo tunachimba mpaka kwenye mzizi."

Mgeni wetu, Profesa Brandvold, barafu bado inamyeyuka ndevuni,
amekuja na kurasa arobaini.
Alisema tabaka. Alisema thamani ya ziada.
Alisema njia za uzalishaji zirudi mikononi mwa wazalishaji,
na dola, siku moja, itanyauka yenyewe.
Sauti nzuri; mshale ulicheza kwenye kijani, haukugusa nyekundu.
Nami nilikubali kila neno,
kama mtu anavyokubali ramani ya mji asiowahi kuukanyaga.

Taa ya laini ya pili ikawaka.

"Naitwa Lorna Petrich. Nasafisha ofisi za benki, zamu ya usiku;
leo nimewahi kurudi, mtoto anakohoa.
Profesa, nimekusikia, sina ugomvi.
Ila bomba la joto chumbani mwangu limepoa, siku ya tisa hii.
Mwanangu namlaza na koti, na kofia, na viatu.
Mwenye nyumba ni kampuni. Kampuni ni sauti ya mashine:
bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri.
Sasa hayo mapinduzi yako,
yanakuja na basi la saa ngapi?"

Profesa akafumbua kinywa, akakifumba.
Akafunua ukurasa wa thelathini na moja, akaurudisha.

Redioni, kimya ni dhambi;
sekunde nne tu, msikilizaji anadhani mmekufa.
Mkono wangu ulishafika kwenye muziki
Vieno akatikisa kichwa: acha.
Sekunde saba.
Nane.

Laini ya nne.

"Huyo mama anakaa wapi?" Sauti ya mzee, nzito kama mlango wa ghala.
"Mtaa wa Nne," Lorna akajibu mwenyewe. "Jengo la matofali ya njano."
"Mimi Clarence Beaulieu. Jengo hilo hilo, ghorofa ya tatu.
Kumbe ni wewe, wa skafu nyekundu?
Nilidhani baridi hii ni yangu peke yangu.
Nilidhani wamenikatia kwa kuchelewesha kodi ya Novemba."
"Hata mimi," akasema Lorna, polepole. "Hata mimi nilidhani hivyo."

Aibu ni kufuli rahisi.
Kampuni haikutoa hata senti kulinunua;
kila mmoja alijifungia kwa ndani.

"Ngoja," Clarence akasema, "sogeza simu kwenye bomba."
Akashika kijiko, au spana, sijui.
Ngo, ngo, kwenye laini ya nne.
Na nusu pumzi baadaye, imepenya sakafu, imepenya kutu,
ngo, ngo, kwenye laini ya pili.
Lugha yoyote ile, hiyo ni hodi.

Ndipo ikaja nyingine, kutoka chini kabisa,
ya mtu ambaye hakupiga simu,
hafifu, kwenye laini zote mbili:
ngo.
Kisha ya mwingine tena.
Mshale ukaruka kwenye nyekundu. Sikupunguza.

Joto halikurudi asubuhi ile, msiniulize.
Nilipita pale nikitoka zamu, kofia imegandamana na nywele.
Watu kumi na mmoja walikaa ngazini, magoti kwa magoti,
kila mmoja na bahasha ya kodi ya Desemba, haijapelekwa,
wakibishana nani anajua kuandika barua ya kutisha.
Pembeni yao Yer Vang, wa chumba cha chini kabisa,
alikuwa amenyamaza, na kijiko bado kimechomoza mfukoni.
Profesa alikuwapo pia, ameketi sakafuni,
anawapa karatasi zake, upande usioandikwa.