Aliyekanyaga Nani

Boksi nililinunua kwa Dougie, tunafua pamoja mashuka ya hospitali.
Pauni nane, kona moja imelowa.
Mkewe alimpa Krismasi, kisha mkewe akaondoka,
naye hataki tena kuliona.
"Kokushubira," akasema (hulitamka jina langu
kama mtu anayeshuka ngazi gizani)
"ni lita ishirini na tatu. Usije ukalewa peke yako."

Jikoni kwangu, Aberdeen, ng'ambo ya mto, ghorofa ya tatu.
Maelekezo yana kurasa nne na neno moja:
osha. Osha ndoo, osha kijiko,
osha mkono uliokiosha kijiko.
Nikaosha kama ninayempokea mtoto.
Kopo la kimea nikaliketisha kwenye maji ya moto,
likalegea, likamwaga kitu cheusi, kizito, kivivu,
kama ile lami tunayoahidiwa kila uchaguzi.
Kijiko kikateleza. Nusu kikombe sakafuni.
Nikapiga deki mara mbili. Sakafu ikakataa kusahau.

Kisha maji ya bomba hadi kwenye mstari,
kisha hamira, gramu sita,
nyepesi kuliko barua.
Nikabaki na pakiti tupu mkononi.
Ni hii tu?

Kwetu Kamachumu rubisi ilianza na miguu.
Ndizi zimeivishwa shimoni,
mtumbwi wa mti uani, nyasi zimekatwa asubuhi,
baba na jirani yake Rwegoshora ndani, suruali magotini,
wanakanyaga, wanabishana bei ya kahawa,
wanakanyaga.
Mtama uliokaangwa ulikuja baadaye.
Kesho yake mtumbwi ulikuwa unanong'ona chini ya majani
na nyuki walikuwa wamekwisha pata habari.

Hapa hakuna nyuki. Hapa ni Februari.
Kipimajoto kinasema kumi na nne, karatasi inataka ishirini.
Nikaivisha ndoo koti langu la baridi,
zipu hadi shingoni,
mimi nikaenda kazini na sweta mbili.
Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili, kimya.
Nikabonyeza kifuniko kama tumbo la mgonjwa.
Usiku wa tatu, saa tisa, natoka zamu,
funguo bado zi mkononi:
blup.
Nikasimama palepale gizani.
Ukapita muda unaomtosha mtu kujiona mjinga.
Blup.

Wiki mbili. Chupa arobaini na moja,
za kuokota, za kuomba,
nyingine bado zina picha ya kondoo.
Kijiko cha sukari kila chupa, ndivyo karatasi ilivyosema.
Mlango ukagongwa: Bi Moira wa chini,
anauliza hiyo harufu ni ya mkate au ya msiba.
Niliporudi sikujua nimeishia chupa ya ngapi.
Basi sasa ni bahati nasibu.
Hii itaruka hadi darini,
ile imelala kama maji ya mtungini,
na kwa nje ni mapacha.

Jumapili nikapiga simu.
"Baba, nimetengeneza pombe."
Upande wa pili kuku akalalamika.
"Huko? Ndizi umezipata wapi?"
"Si ndizi. Shayiri. Ilikuja ndani ya kopo."
"Mtumbwi?"
"Ndoo."
Akavuta pumzi, ile ya kumsamehe fundi mbaya.
"Haya. Aliyekanyaga nani?"

Nikatazama chini. Soksi yangu ya kushoto
ilikuwa imenata mahali palepale, kati ya jiko na meza,
kama inavyonata kila siku,
na nilipoinua mguu, sakafu ikauachia
shingo upande.

"Mimi," nikasema.
"Mguu upi?"
"Wa kushoto."
"Basi itakuwa na uchungu kidogo." Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Niwekee moja. Yenye povu."

Nikazigeukia chupa, zote arobaini na moja,
zimefumba midomo.