Sahihi ya Mzazi

Jioni nabeba madaftari nyumbani, furushi la dobi,
kanga imefungwa mafundo mawili.
Darasa la Nne B, Vingunguti. Watoto tisini na saba,
madawati thelathini na moja.
Siku moja niliwapa hesabu hiyo waigawanye.
Watatu kwa dawati, baki wanne.
Wanne wakainua mikono nyuma:
Ni sisi, mwalimu.

Madaftari husema yasiyosemwa kwenye kikao cha wazazi.
Hili lina mafuta ya vitumbua kwenye jedwali la saba.
Hili lililowa mvua za Machi, likakaushwa juu ya jiko;
ukifunua, kurasa zinalia kama papadi.
Hili limejaladiwa kwa kalenda ya mwaka juzi,
Desemba nzima iko mgongoni.

Chini ya kila zoezi naandika kwa wekundu:
Mzazi aone, asaini.
Nazo hurudi: sahihi za haraka, sahihi za usingizi,
ya babake Havijawa, seremala,
imenyooka kama amepiga kamba,
na ya Pazi.

Ya Pazi ilikuwa na mikia mitatu na nukta mbili,
ungedhani ya meneja wa benki,
kwa wino uleule wa bluu
alioandikia "mto huanzia mlimani."
Nikamwambia, kesho njoo na aliyesaini.
Akajibu: Nimeshakuja, mwalimu.
Darasa likaangua kicheko. Nikaona jeuri.
Nikamsimamisha mpaka kengele.

Jumatano, zamu ya asubuhi ikitoka na ya mchana ikiingia,
bibi yake akavua ndala mlangoni pa ofisi.
Nikampa daftari. Akalishika juu chini,
akalitazama kwa muda, kwa heshima.
Mwandiko mzuri, akasema.
Kisha: Huyu ndiye anisainiaye, mwanangu.
Kliniki yeye. Mkataba wa chumba yeye.
Namba za luku anabonyeza yeye.
Kidole changu kimechoka kupakwa wino.
Kwani amekosea?

Sahihi ni jina la mtu chini ya karatasi.
Sahihi ni jibu lisilo na kosa.
Neno moja, na mimi nina kalamu moja nyekundu.

Usiku ule, saa tano, Kemilembe wangu akaniletea lake.
Nilisaini huku nimeshika la mtoto mwingine,
bila kuuliza ni somo gani.
Asubuhi, akipiga mswaki, nikalifungua.
Insha: Mama Yangu.
"Mama yangu ni mwalimu. Kila siku anasoma
madaftari ya watoto wote."
Nane kwa kumi.
Na chini, jina langu, limetulia,
kama la mtu aliyeona.

Nilifika shule kabla ya mafagio.
Pazi alikuwa bombani, anajaza ndoo ya darasa.
Shikamoo, mwalimu. Marahaba.
Nilikuwa na neno, halikutoka.
Nikashika ndoo upande wa pili.
Yeye mfupi, mimi mrefu, maji yakamwagika
njia nzima.

Darasani, chini ya ile mikia mitatu, nikaandika: Imeonwa.
Nikaita majina. Havijawa hakuitika.
Na wale wanne wa baki walikuwa wameshakaa sakafuni,
magoti ndiyo meza,
wananisubiri niandike tarehe.