Rudisha

Ukumbi ulio chini ya kanisa, Brunswick, Julai ya baridi,
viti vya chuma vimepangwa kama siku ya arobaini ya marehemu:
wanawake mbele, mikoba magotini,
wanaume nyuma, karibu na mlango na sigara.
Mimi nilishika projekta.
Dada yangu Stamatia aliegemea ukuta, hakuketi.

Filamu ilikuwa yake. Dakika arobaini na moja
zilizolipiwa kwa miaka miwili ya kushona kola kiwandani.
Pesa ya waigizaji hakuwa nayo,
kwa hiyo mama wa kwenye filamu ni mama yetu, Garifalia,
aliyeambiwa tu: andaa meza kama kawaida,
nisahau kwamba nipo.

Mwanzoni walicheka.
Tazama duka la Anestis! Tazama, na paka wake!
Baba akakaa wima kama aliyevishwa nishani.
Kisha likaja sanduku.

Kwetu mahari hutoka kwa baba wa binti;
mtoto wa kike akizaliwa, mama huanza kudarizi deni.
Mashuka kumi na mawili, foronya,
kitambaa cha lesi kilichomla bibi nuru ya jicho moja,
vyote vilivuka bahari na mama, wiki tano melini,
na havijatandikwa hata siku moja.
Vinamngoja Stamatia. Vinanuka dawa ya nondo.
Mimi sikuwekewa hata leso.
Mimi nilipewa ufunguo wa nyumba nikiwa na miaka kumi na mitano
na hakuna aliyeniuliza nimerudi saa ngapi.

Kwenye shuka tulilolipigilia misumari ukutani
binti anasema hamtaki Thrasivulo,
mwenye maduka mawili na meno yote.
Mama anapangusa meza ile ile mara tatu.
"Watu watasema nini?"
Na watu, mia moja na ushei, walikuwa wamekaa pale pale,
wametajwa,
na hawakusema kitu.
Kiti kimoja kililia.

Halafu ikaja picha ambayo hata mimi sikuijua.
Binti ametoka. Kamera imesahauliwa juu ya kabati,
au haikusahauliwa.
Mama anafungua sanduku, anatoa lesi, anainusa,
anajitanda kichwani hadi mabegani,
anajigeuza mbele ya kioo, upande huu, upande ule,
mwanamke wa miaka hamsini na mmoja
aliyeposwa kwa picha iliyokuja kwa posta
na kupokewa gatini na mtu mfupi kuliko picha yake.

Kiria Evanthia akapiga ishara ya msalaba.
Baba akamtafuta mkewe gizani kwa macho.
Mama akasimama. Mkoba ukaanguka,
sarafu zikabingirika hadi chini ya jukwaa, hakuna aliyeinama.
"Lefteri," akaniita, "rudisha."

Sikujua anataka tuione tena
au anataka isiwe imetokea.
Nikaigeuza swichi.
Lesi ikamtoka mabegani, ikamwacha kichwa,
ikajikunja mikononi mwake pembe kwa pembe,
ikazama sandukuni, kifuniko kikashuka,
na mama yangu akatembea kinyumenyume hadi jikoni,
akachukua kitambaa,
akaanza kuichafua meza, taratibu,
mara ya tatu, ya pili,
ya kwanza.