Swali la Saba

Syombua amerudi na kijitabu cha chemsha bongo,
jalada la kijani, kona moja imelowa uji.
Jumamosi kuna mashindano ukumbini Kaloleni
na mimi ndiye wa kumfanyisha mazoezi.
Anakaa juu ya ndoo, mimi kitandani,
halafu ananipokonya kitabu:
"Baba, leo wewe ndiye mwanafunzi."

Haya. Nakunja mikono. Mikono hii
haitakati hata kwa sabuni ya unga na mchanga,
weusi umeingia kwenye mistari ya viganja
kama mito kwenye ramani.

La kwanza: sehemu gani ya uso wa dunia ni maji?
Nasema nusu. Anatikisa kichwa. Karibu robo tatu.
"Na mbona mfereji wetu umekauka tangu Jumanne?"
"Baba, hilo halimo kitabuni."

La pili linahusu moshi wa magari. Hapa natamba.
Mweusi, dizeli haiungui ikaisha.
Wa samawati, ringi zimelika, injini inakunywa oili.
Mweupe usiokoma, maji yamepenya, mwambie mwenye gari aketi kwanza.
Ananipa tiki, shingo upande.

La tatu sijui. La nne nabahatisha.
La tano ni tundu la ozoni. Nauliza kama bado lipo.
"Linazibika polepole, watu walikubaliana,"
asema, kama anayesimulia ugomvi wa majirani
uliokwisha zamani.

La sita: Mto Nairobi unaanzia wapi?
Mimi najua unaanzia Grogan,
nyuma ya banda letu, pale povu linapoanza.
Anacheka hadi ndoo inayumba.
"Unaanzia Ondiri, Baba, kinamasi cha kule Kikuyu,
kuna mafunjo na ndege."
"Umeuona?"
"Nimeusoma."
Kidole chake kinashuka na mto, Athi, Galana, Sabaki,
mpaka chumvi ya Malindi,
na katikati ya safari hiyo kinapita juu yangu
bila kusimama.

Kisha la saba.
"Lita moja ya oili chafu ikifika mtoni,
huharibu maji kiasi gani?
A, ndoo. B, pipa. C, bwawa zima."

Lita nne za saluni. Sita za pikapu.
Magari matatu siku ikiwa nzuri.
Miaka kumi na tisa.
Nalegeza nati, inashuka vuguvugu, laini kama chai ya maziwa,
inajaza karai,
na karai linajua njia ya mtaroni peke yake.
Mvua ikinyesha tulikuwa tukisema
mfagiaji amekuja.

"Baba. A, B, au C?"
"Rudia swali."
Anarudia taratibu, akidhani sijasikia.
Nasema taa inaisha chaji.

Kesho yake nilifika kazini na mtungi wa lita ishirini.
Njagi aliangua kicheko: "Sasa unaweka akiba ya uchafu?"
Nikamwambia kuna mtu wa mbao Gikomba
huinunua, hupaka nguzo zisiliwe na mchwa,
lita kwa bei ya andazi.
Hakuacha kucheka, ila aliuliza andazi la wapi.

Saa nane mtungi ulikuwa umejaa pomoni.
Gari la tano juu ya jeki, mwenyewe anatazama saa.
Mtaro ulikuwa hatua mbili. Nilizihesabu.
Nikaenda kuazima ndoo ya Mama Kanini anayeuza githeri,
akaniapiza nimletee mpya, yenye kifuniko, kabla ya Ijumaa,
na ile ya zamani nisimrudishie kamwe.

Jumamosi Syombua alishika nafasi ya pili.
Swali la oili lilimwangukia mvulana wa Bahati
mwenye tai ndefu kuliko shati.
Alijibu kabla halijaisha, bila kupepesa macho.
Ukumbi mzima ulipiga makofi.
Mimi mikono yangu ilikuwa mfukoni.