Arobaini na Moja

Jumatatu, feni ikiwa bado haijaamua kuzunguka,
binti aliweka mezani kwangu kopo la maziwa ya unga
lililofungwa kwa ukili.
"Ya marehemu baba," akasema. "Hitima ya arobaini tulisoma jana.
Mama yuko eda. Nimetumwa mimi."

Ndani: rivolva, imevikwa soksi ya shule,
na risasi tano, nene, zisizo na shingo.
Nikafungua daftari. Safu ya kaliba.
Nikaandika arobaini na moja,
kalamu ikasita.

Miaka kumi na tisa nimekaa dawati hili la silaha, kituo cha Malindi,
na namba hiyo sijawahi kuiandika.
Naandika tisa, tisa, tisa,
kama mtoto anayejifunza kuhesabu akakwama.
Naandika arobaini na nne ya wenye mahoteli,
wanaotaka mlio usikike hadi Watamu
kisha kiwiko kiwaume wiki nzima, wasiseme.
Naandika ile mia tatu hamsini na saba,
ambayo kasha lake hupatikana Mombasa bila kuuliza mara mbili.
Hii, hapana.
Hii ni mtoto wa kati.
Kifungua mimba alipewa jina la babu,
kitinda mimba akanyonya mpaka akachoka mwenyewe;
wa kati akapewa kanzu iliyokwisha kufifia
na akatumwa dukani.
Naijua habari hiyo. Kwetu tulikuwa watatu.

Nikaishika moja. Kiganja kikaielewa kabla ya jicho.
Nzito, lakini uzito wa jiwe la mizani, si wa nyundo.
Ganda limeiva rangi ya chai ya mkandaa,
na kichwani risasi iliyotengenezwa kwa risasi:
lugha yetu haikuona haja
ya kutenga madini na mauti.

"Kwa nini hii?" Swali hilo halimo kwenye fomu.
Akasema baba alikuwa msimamizi wa ng'ombe kule Galana,
Badi Twalib, labda ulimsikia (sikumsikia),
na wenzake wakimcheka: Badi, bastola yako itakufa njaa,
chakula chake hakiuzwi.
Naye: ndiyo maana siilishi ovyo.
Ile kubwa, alisema, humpiga mwenyewe kwanza, nyati baadaye.
Ile ndogo hupayuka kama dalali.
Hii husukuma. Husema neno moja,
kwa sauti ya mtu asiyezoea kusikilizwa,
kwa hiyo haropoki.

Kasha alilonunua lilikuwa na hamsini.
Miaka thelathini na miwili. Zimebaki tano.
"Na zile nyingine?"
"Makopo, juu ya kichuguu. Fisi, kumtisha tu, hewani.
Nyati mmoja. Huyo hakupenda kumsimulia."

Siku za mwizi ni arobaini, twasema.
Za maiti pia arobaini:
viti vya kukodi, majamvi, masufuria ya jirani, watu.
Hakuna aliyeitungia methali siku inayofuata,
siku ya kuhesabu vikombe vilivyopungua,
ya kukwangua ukoko wa pilau uliogandia chini,
ya kupeleka bastola polisi ndani ya kopo.

"Wewe ni wa ngapi kwenu?"
"Wa pili. Mkubwa yuko Jeda. Mdogo ana mtihani."
Nikacheka. Naye akacheka,
ingawa sijui kama alijua tunachochekea.

Muhuri. Risiti, nakala mbili.
Chuma kitapelekwa Nairobi kikayeyushwe na vingine,
na tisa, na tisa, na tisa.
Safu ya mwisho ni "Maelezo". Siku zote huandika "hakuna".
Leo nimeandika: risasi tano, zimetunzwa.
Mkaguzi akiuliza, nitatafuta la kumjibu.

Mlangoni binti akageuka, akarudi.
Ameomba kopo.
Si lao, akasema. La jirani.